Howl's Moving Castle: vile vita vilikuwa vya nini hasa? (Nimesimulia hadi mwisho, ambaye hajaiona akae mbali)

Msomaji wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa "katuni ni za watoto" mambo yaligeuka matusi, mods wakaufunga kabla sijajibu. Kuna mdau aliandika jambo ambalo sitaki lipite hivi hivi. Alisema Howl's Moving Castle ina picha nzuri na muziki mtamu, ila vita vyake havina kichwa wala miguu: hujui nani anapigana na nani, hujui wanagombea nini, halafu mwishoni vinakatika ghafla kama mtu kafunga bomba.

Mimi nasema hapo ndipo penyewe. Bomba halijifungi lenyewe, kuna mkono, na filamu inatuonyesha mkono huo ni wa nani. Nipeni nafasi, ni ndefu kidogo.

Kwa waliokaidi onyo la juu: ni filamu ya dakika 119 ya mwongozaji Hayao Miyazaki na studio ya Ghibli, ilitoka Japani Novemba 2004. Sophie ni binti wa miaka 18 anayetengeneza kofia katika duka aliloacha marehemu baba yake. Hajioni mzuri, hajioni wa maana, na siku ya gwaride wenzake wakitoka kuwaangalia askari yeye anabaki chumba cha nyuma na sindano yake. Baadaye anapita uchochoroni, askari wawili wanaanza kumsumbua, anatokea kijana mtanashati mwenye nywele za dhahabu, anamshika mkono na kutembea naye hewani juu ya mapaa. Huyo ndiye Howl, mchawi ambaye mtaani inasemekana anakula mioyo ya wasichana wazuri. Usiku ule ule anaingia dukani mchawi mwingine, mwanamke mnene wa kutisha, Witch of the Waste (yaani mchawi wa nyikani), ambaye naye ana hesabu zake na Howl. Anamlaani Sophie. Binti anageuka bibi wa miaka 90, na sehemu ya laana ni kwamba hawezi kumwambia mtu yeyote kilichompata.

Bibi Sophie anafunga mkate na jibini, anaomba lifti kwenye mkokoteni wa majani, anaelekea nyikani. Huko anakutana na sanamu la kutishia ndege linalorukaruka kwa mguu mmoja, halafu na kasri la Howl: lundo la mabati, mabomba na vibanda likitembea kwa miguu ya kuku. Ndani kuna kijana mwanafunzi anaitwa Markl, na jikoni kuna Calcifer, pepo wa moto mwenye macho na mdomo, ndiye anayeliendesha kasri lote. Mlango una kidude cha rangi nne. Ukigeuza rangi, unatokea mahali pengine. Kijani ni nyikani, buluu ni bandari ya Porthaven, nyekundu ni mji mkuu, Kingsbury. Nyeusi anaitumia Howl peke yake. Huko ndiko vita viliko.

Naendelea chini, msije mkanikata katikati.

Dereva wa Usiku

Nimekaa paleee nasubiri. Ila mkuu, mimi ndiye niliyeandika la bomba, na sijabadili msimamo.

Msomaji wa Zamu

Karibu Dereva, nilijua utakuja.

Haya, tuviangalie vita vyenyewe. Mwanzoni ni bendera, bendi na watu wanashangilia. Kisha Sophie na Markl wako sokoni Porthaven wananunua mahitaji, inaingia manowari inawaka moto, mabaharia wanajirusha majini, na watu wanakimbilia ufukweni kuangalia. Ndege ya adui inadondosha vipeperushi, mtu anapaza sauti kwamba visiokotwe. Hatuonyeshwi vimeandikwa nini. Miyazaki angeweza kutupa sentensi moja tu tukajua adui anadai nini. Amekataa.

Halafu ile ya Kingsbury. Howl ameitwa na mfalme aende vitani, na kwa kuwa anatumia majina mawili, Jenkins bandarini na Pendragon mji mkuu, ameitwa mara mbili na serikali ile ile. Hataki kwenda, na hana ujasiri wa kusema hataki, basi anamtuma Sophie ajifanye mama yake akaseme mwanangu hafai kitu. Ikulu wanampokea kwa Madame Suliman, mchawi mkuu wa mfalme, aliyewahi kuwa mwalimu wa Howl. Suliman amekaa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya bustani ya kioo, maua pande zote, vijana watumishi wanaofanana sura wanamhudumia. Anaongea taratibu, kistaarabu kabisa. Hapo anaingia mfalme (kumbe ni Howl amejigeuza) anasema jambo ambalo wengi linawapita: kwa uchawi wa Suliman mabomu hayaipati ikulu, badala yake yanaangukia nyumba za watu wanaoizunguka.

Rudieni hicho kipande. Amelitamka kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kazi.

Sasa twende mwisho. Sophie analibusu lile sanamu la kutishia ndege kwa shukrani, linageuka kuwa mwana wa mfalme wa nchi jirani, yule yule ambaye kupotea kwake kulitajwa mapema kabisa na watu wanaopita, kwa sauti ya nyuma ambayo nusu yetu hatukuisikia. Anasema atarudi kwao akavisimamishe vita. Wakati huo Suliman yuko pale pale kitini, anawatazama kwa mbali kwa uchawi wake, anaona mambo yamekwisha vizuri. Anamwagiza mtumishi aitiwe waziri mkuu na mkuu wa majeshi, wavimalize hivi vita vya kipuuzi.

Ndivyo vinavyokwisha. Hakuna mapambano ya mwisho, hakuna anayeshinda. Mtu aliyekaa kwenye maua ameamua basi. Na kama aliweza leo, jana alishindwa nini? Manowari ile ilipokuwa inaungua, yeye alikuwa kwenye kiti hicho hicho. Duka la kofia lilipokuwa linazungukwa na moto, kiti hicho hicho. Dereva, wewe umeona mwongozaji ameishiwa mawazo. Mimi naona ameweka shtaka mezani na kuondoka bila kupiga kelele.

Binti Chumbageni

Mkuu umeandika vizuri lakini wanaume mkishaona ndege ya kivita mnasahau filamu inamhusu nani. Inamhusu Sophie.

Umeruka kitu kikubwa. Ile laana haikai sawa hata siku moja. Akilala, anarudi binti. Akiwa anafua na kufagia kwa hasira, mgongo unanyooka kidogo. Akiwa mbele ya huyo Suliman wako, anaanza kumtetea Howl, na kila neno linavyotoka mikunjo inapungua, sauti inakuwa ya kijana, mpaka Suliman anamkatiza: kumbe unampenda Howl. Papo hapo anazeeka tena. Halafu kwenye lile bonde la maua ambalo Howl amemwandalia, yuko binti kabisa, anafurahi, mpaka anaposema yeye si mzuri, anachoweza ni usafi tu. Uzee unarudi akiwa bado anaongea.

Hakuna mtu anayetuelezea kanuni ya laana. Unaiona mwenyewe. Mchawi alimpa umri, lakini anayeufungulia na kuufunga ni Sophie. Na mwisho hapati nywele zake za zamani, zinabaki za fedha, na Howl anazisifu kuwa zina rangi ya nyota. Kwenye hadithi nyingi za aina hii binti angerudishiwa kila kitu na shada juu.

Na ile sehemu ya ngazi za ikulu jamani! Sophie na mchawi aliyemlaani, wote vikongwe, wanapanda ngazi zisizoisha, Sophie amebeba na mbwa mzito mikononi, wanahema, jasho linamchuruzika mwenzake, mafuta yanamyeyuka usoni. Wanachukiana, lakini Sophie anageuka kumhimiza. Dakika nzima na zaidi hakuna kinachotokea isipokuwa watu wazima wawili wanapanda ngazi. Niambieni ni filamu gani ya katuni nyingine ingethubutu.

Kaskazi Tele

Niongezee upande wa kitabu, maana watu wengi hawajui kuwa chanzo si Japani. Ni riwaya ya Mwingereza Diana Wynne Jones, ya mwaka 1986. Niliisoma baada ya filamu, na ni kama vitu viwili tofauti vinavyotumia majina yale yale.

Kwenye kitabu Sophie ana wadogo zake wawili wa kike, na kinachomtesa ni kuamini kwamba mzaliwa wa kwanza hana bahati. Suliman ni mwanamume, mchawi aliyepotea, na mfalme anamtaka Howl amtafute yeye na mwanamfalme Justin. Rangi nyeusi ya mlango inatokea Wales, Wales hii hii ya Uingereza, ambako Howl ni Howell Jenkins, ana dada yake anayemfokea kwa uvivu. Yule mchawi wa nyikani ndiye adui hadi mwisho, hageuki bibi wa kulishwa supu kama kwenye filamu. Na vita mnavyovijadili humu ndani havimo, kwa maana ya mabomu na miji kuungua. Hivyo kaviweka Miyazaki mwenyewe.

Ila msimuone mwandishi kama mtu asiyejua vita. Alizaliwa London 1934, vita vilipoanza 1939 akapelekwa Wales pamoja na watoto wengine waliokuwa wanahamishwa. Yeye aliamua kuandika vichekesho. Mzee wa Ghibli akaamua vinginevyo.

Dereva wa Usiku

Sawa, sasa nijibuni mimi. Howl huyo mnayemsifia ni nani? Sophie, dada wa watu, kapanga chupa zake bafuni, rangi ya nywele imetoka ya chungwa badala ya dhahabu, jamaa anasema hakuna maana ya kuishi kama si mzuri, anaanza kutoa ute wa kijani mpaka sakafuni. Mwanaume mzima! Halafu huyo huyo tunaambiwa anaruka usiku kupigana na majeshi mawili. Mapenzi yenyewe yameanza kwa kutembea hewani dakika moja.

Na vita nirudie: mwandishi asiyetuambia sababu ya vita anajipunguzia kazi. Ni rahisi kusema vita ni vibaya. Kuna watu walivamiwa, walifanyaje? Wakae nyumbani wapike mayai?

Msomaji wa Zamu

Hoja ya mwisho ni nzito, naianza hiyo.

Miyazaki alizaliwa Tokyo Januari 1941. Familia yake ilikuwa na kiwanda kilichotengeneza usukani wa mkia wa ndege za kivita za Zero. Yaani walikula kutokana na vita. Walihamia Utsunomiya, na Julai 1945 mji huo ukapigwa mabomu ya moto usiku, yeye ana miaka minne. Amesimulia mwenyewe kwamba walitoroka kwa gari dogo la mizigo la familia, wakati wengi walikuwa wanakimbia kwa miguu, na jirani mwenye mtoto mdogo aliwaomba wapakiwe. Gari halikusimama. Amesema kumbukumbu hiyo haikumtoka.

Kwa hiyo ninapoona mtu huyu anachora mji unaowaka kutoka angani, na ndani ya moto huo mlango mmoja mdogo wa duka la kofia ambao mtu anaulinda, sioni uvivu wa mwandishi. Ile hoja yako ya waliovamiwa ni kweli, na filamu hii haiijibu. Haisimulii habari za nchi iliyovamiwa. Inasimulia nchi ambayo inashangilia kwa bendi, ina nguvu, na haijawahi kujiuliza.

Sasa angalieni tarehe. Machi 2003 filamu yake ya kabla ya hii, Spirited Away, ilishinda Oscar ya katuni. Sherehe ilikuwa tarehe 23, siku chache tu baada ya Marekani kuanza kuipiga Iraq. Hakwenda. Miaka ilipita ndipo akaeleza hadharani, 2009 akiwa Marekani, kwamba hakutaka kuitembelea nchi inayoipiga Iraq mabomu, na kwamba wakati ule produsa wake alimzuia asiliseme. Howl's Moving Castle ilikuwa inachorwa kipindi hicho hicho, na amekiri kuwa hasira ya vita hivyo iliingia ndani yake. Mwanzoni mwa 2004 serikali ya Japani nayo ikapeleka wanajeshi Samawah, kusini mwa Iraq, kwa kazi za maji na ujenzi, na nchini kwao likawa gumzo zito kwa sababu katiba yao inakataa vita.

Kumbukeni Howl ameitwa kwa barua ya heshima kwenda kuitumikia nchi. Filamu nzima ni ya mtu anayetafuta namna ya kusema hapana.

Kuhusu ute wa kijani, hapo nakuachia Binti Chumbageni.

Binti Chumbageni

Naupokea kwa mikono miwili.

Kaka Dereva, Howl hana moyo. Si fumbo, ni kweli hana. Alipokuwa mtoto alidaka nyota iliyokuwa inaanguka, akaimeza, akaitoa pamoja na moyo wake, ndiye Calcifer huyo. Tangu hapo moyo uko jikoni unachemsha maji. Mtu aliyeutoa moyo utotoni amebaki mtoto. Anajipaka rangi, ana chumba kimejaa hirizi na vidude vya kumkinga na mchawi, anakimbia kila wito. Sasa wewe unashangaa analia kwa ajili ya nywele? Hana kingine.

Na mapenzi hayakuanzia hewani. Yameanzia asubuhi ya kwanza. Sophie anamlazimisha Calcifer ainame awekewe kikaango, Calcifer analalamika, Howl anarudi, anachukua kikaango mwenyewe, anaweka vipande vinene vya bekoni, anavunja mayai kwa mkono mmoja na maganda anamtupia Calcifer ayale. Markl anatafuta vijiko visafi anapata vitatu. Wanakaa watu watatu mezani ambayo inaonekana haijakaliwa muda mrefu. Hapo ndipo nyumba ilipoanza.

Baadaye anamwambia Sophie amechoka kukimbia, sasa ana mtu wa kumlinda. Msikilize vizuri: hasemi nchi. Na mimi hapo namlaumu kidogo, maana Sophie hakumwomba amlinde, alimwomba asiende.

Nyota ya Ziwani

Habari zenu wote. Niko Bukavu, huwa nasoma tu humu ila leo niandike.

Huyo kaka anayetaka kuelezwa vita ni vya nini, namwelewa. Sisi huku tunaelezwa kila siku redioni, kila upande una maelezo yake marefu na mazuri. Nilipoiangalia filamu hii kipande kilichonikaa ni pale Sophie na Howl wako kwenye maua, inapita manowari ya angani, Sophie anauliza ni ya adui au ya kwetu, Howl anajibu kuna tofauti gani. Mtu aliye mbali anaweza kusema jibu hilo ni la mtu asiyejali. Mtu aliyewahi kuingia chini ya kitanda na watoto anajua kwamba swali hilo huwa halikujii kabisa. Unasikiliza mlio tu, uko karibu au unaenda.

Pia yule mama wa Sophie. Anakuja kumtembelea binti yake, anamkumbatia, analia, na anaacha kimkoba chenye kidudu cha upelelezi kwa sababu amelazimishwa. Kisha anaondoka na gari zuri la mume wake mpya. Filamu haimgeuzi shetani. Mimi nawafahamu watu wa namna hiyo, na bado tunasalimiana.

Dereva wa Usiku

Pole sana dada yangu. Hilo la kwako sina jibu.

Kaskazi Tele

Wakati tunapumua, habari ya mji. Mandhari ya mji wa Sophie, zile nyumba za mbao zilizopigwa rangi na vibaraza, wachoraji wa Ghibli walizitoa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, hasa Colmar na Riquewihr. Mtu ukitazama unaona kadi ya posta tu. Lakini Alsace ilichukuliwa na Ujerumani 1871, ikarudi Ufaransa baada ya 1918, ikachukuliwa tena 1940, ikarudi tena 1945. Mtu mzima aliyezaliwa Colmar miaka hiyo angeweza kubadilishiwa bendera mara nne bila kuhama nyumba. Sisemi Miyazaki alipachagua kwa sababu hiyo. Nasema swali la Sophie, adui au wa kwetu, lingechekesha sana mitaa ile.

Zile ndege za ajabu zinazopiga mabawa zina harufu ya michoro ya Albert Robida, Mfaransa wa karne ya 19 aliyekuwa anachora jinsi alivyodhani karne ya 20 itakavyokuwa. Na kasri lenyewe si mkono mtupu, waliligawa vipande wakavisogeza kwa kompyuta ndiyo maana linahema na kutikisika kila bati kivyake.

Mpishi wa Zamani

Samahani wakuu nimechelewa. Swali la kizembe: niangalie ya Kijapani au ya Kiingereza? Na inapatikana wapi, maana kule kwenye vibanda vyetu wanauza za kupigana tu.

Msomaji wa Zamu

Netflix mkuu. Walianza kuziweka filamu za Ghibli Februari 2020 kwa nchi nyingi nje ya Japani, Marekani na Kanada, hii ikaingia Aprili mwaka huo.

Lugha: ya Kiingereza si mbaya hata kidogo, ilisimamiwa na Pete Docter wa Pixar, Christian Bale ni Howl, Billy Crystal anamfanya Calcifer kuwa mlalamishi mtamu. Lakini Sophie wamemgawa kwa waigizaji wawili, Emily Mortimer akiwa binti na Jean Simmons akiwa bibi. Kwenye Kijapani ni mtu mmoja mwanzo mwisho, Chieko Baisho, aliyezaliwa 1941 sawa na Miyazaki. Kwa hiyo yale aliyoyaeleza Binti Chumbageni kuhusu laana kupanda na kushuka, unayasikia kooni mwa mwanamke mmoja. Umri unabadilika katikati ya sentensi na hakuna mahali pa kuonyesha kiungo. Soma maandishi ya chini, usikilize Kijapani.

Na yule mchawi mnene, sauti ni ya Akihiro Miwa, mwanamume, mwimbaji maarufu sana kwao. Alikuwa na miaka 10, yuko Nagasaki, siku bomu la atomiki lilipoanguka. Mkishalijua hilo, mtazameni tena akiwa kikongwe asiye na nguvu, amekaa dirishani anaangalia mji ukiwaka.

Binti Chumbageni

Na muziki usiupite. Joe Hisaishi kachukua wimbo mmoja wa waltz anaurudisha kila mara kwa sura nyingine: kinanda peke yake wakati Sophie yuko dukani, okestra nzima wakitembea hewani, taratibu kama mtu anayekumbuka wakiwa kwenye maua. Mimi nimeuweka mlio wa simu, mume wangu amechoka.

Dereva wa Usiku

Nimesoma yote. Niseme ninapokubali na nisipokubali.

Nakubali la Suliman. Sikuwa nimeliona hivyo, kwamba aliyevizima ndiye angeweza kuvizima wakati wowote. Nilidhani ni mwandishi anatafuta njia ya kutoka. La mabomu kuangukia majirani wa ikulu nalo nilidhani ni maelezo ya uchawi tu.

Nisilokubali ni hili: kama ndivyo, basi Howl anapata nini kwa kuruka kila usiku na kurudi na manyoya ya ndege mwilini? Hajamshinda Suliman, hajaokoa mji wote, anazidi kugeuka mnyama. Angekaa nyumbani matokeo yangekuwa yale yale.

Msomaji wa Zamu

Karibu yale yale, ndiyo. Isipokuwa lile bomu lililoanguka uani kwa Sophie, Howl alilidaka likawa halikulipuka.

Hapo ndipo Miyazaki anapokuwa mkali kuliko tunavyomdhania. Kuna kipande Howl amerudi usiku amechoka, Calcifer anamsema kwamba akiendelea hivi hatarudi kuwa mtu. Howl anamsimulia kuwa huko juu ameshambuliwa na wachawi wenzake waliokubali kugeuzwa madude kwa ajili ya mfalme. Calcifer anasema watajuta, hawawezi kugeuka tena. Howl anajibu hawatajuta, watasahau hata kulia. Yeye mwenyewe anapigana na pande zote mbili na anaelekea huko huko walikoenda wao. Filamu haimpi medali. Sophie ndiye anayemtoa, na anamtoa kwa kulibomoa kasri kwa mikono yake mwenyewe: anambeba Calcifer nje ili nyumba ianguke, Howl asiwe na cha kulinda, aache kwenda.

Sijaona filamu nyingine ya mapenzi ambapo mwanamke anavunja nyumba ili mume aache vita.

Nyota ya Ziwani

Na linabomoka kweli, linabaki ubao mmoja na miguu miwili linatembea. Nilicheka na machozi yakanitoka.

Mpishi wa Zamani

Basi nimeshaharibiwa utamu wote lakini naiangalia leo leo. Baada ya hii nifuate ipi?

Kaskazi Tele

Porco Rosso ya 1992, rubani aliyekataa vita akageuka nguruwe, utaona Howl alitokea wapi. Kisha The Wind Rises ya 2013, hiyo ni ya mhandisi wa ndege za Zero, utakumbuka kile kiwanda cha familia. Kama una moyo mgumu ongeza Grave of the Fireflies ya 1988, hiyo si ya Miyazaki, ni ya mwenzake Isao Takahata, na usiiangalie unakula.

Dereva wa Usiku

Mimi narudia kipande cha bustani ya kioo tu, niwasikilize Suliman na huyo mfalme wa uongo. Ila zile nywele za chungwa sizisamehi, hilo mniachie.